Mama na Televisheni Yake ya Chogo

Ipo siku haijanitoka kichwani, mwanangu, na hasira yake pia haijanitoka. Nilikuwa binti, najifunza ufundi wa televisheni pale Njoro, mjini kwenye joto, kaka yangu Aloisi alipoleta televisheni ya mama, ile ya chogo, ya zamani yenye mgongo mkubwa, tuitengeneze.

Mama aliishi peke yake Uru, kule juu mlimani, kwenye kihamba chetu, shamba la migomba na kahawa ambamo baba amezikwa. Alilalamika kwamba asubuhi akiwasha, picha inajikunja, unabaki mstari mweupe katikati, halafu baadaye inarudi yenyewe. Sisi tukiiwasha mjini, inaonyesha vizuri kutwa nzima. Bosi wangu akasema ni nzima. Ikapandishwa Uru, mama akalalamika tena, ikashushwa tena. Ndipo Aloisi akatamka, wadogo zake wengine wakamuunga mkono.

"Mama ameanza kuchanganyikiwa. Anaona vitu ambavyo havipo. Tumlete mjini, kihamba tukikodishe."

Nilichemka. Mama aliyejua jina la kila ng'ombe aliyewahi kumfuga, leo aitwe amechanganyikiwa kwa sababu ya televisheni!

"Humhamishi mtu," nikamwambia. "Mimi naenda kulala huko."

Mdogo hamjibu kaka yake hivyo, najua. Nilimjibu, na ningemjibu tena hata leo.

Julai kule juu ukungu unafika mpaka mlangoni. Asubuhi mama alikamua ng'ombe, akaingia ndani, akawasha televisheni asikilize habari. Picha ikajikunja, mstari mweupe huo hapo. Chumba kilipopata joto, ikafunguka. Nikaelewa. Kuna mguu wa kifaa kidogo ndani ulioachia kwenye risasi, ile madini inayoyeyushwa kuushikilia: baridi inautenganisha, joto linaugusanisha. Njoro ingeionea wapi baridi?

Nikachukua bisibisi. Mama akanishika mkono.

"Usiiguse. Waite kwanza."

"Nani, mama?"

"Wote walioniita kichaa. Waje walale hapa, waamke na mimi."

Wakaja, Aloisi na wale wadogo zake. Asubuhi walikaa sebuleni wamejifunika mablanketi, wanatetemeka. Mama akabonyeza swichi, na mstari ukawatokea mbele ya macho yao. Mama akaanza kuwamiminia chai.

"Chai ipo," alisema. "Na kihamba kipo."

Baada ya hapo ndipo aliponiruhusu. Nikachomoa waya, nikauondoa umeme unaobaki ndani (huo unaua, mwanangu, usiingize mkono kwa pupa), nikapata ufa mwembamba kuzunguka mguu mmoja, nikauchomea upya. Ule mstari haukurudi, na habari ya kukodisha kihamba haikutajwa tena.

Basi nisikilize. Mtu akikuambia kitu chake kinasumbua na wewe hukioni, usikimbilie kumwita mwongo au kichaa. Nenda ukakae pale anapokaa, saa ile anayoisema. Na ikiwa wewe ndiye uliyeona, wakakucheka, usirudi nyuma, hata kama wanaokucheka ni ndugu zako na wamejaa sebule nzima. Waite waje waone.

Mama alibaki kihambani mpaka Mungu alipomchukua, na amelala palepale, kando ya baba. Nami nakubariki, mwanangu. Mungu akupe subira ya kukaa kwenye baridi ya mwenzako, na akupe shingo ngumu kama ya mama yangu.