Dume Jeupe la Mbugangari

Riziki ya Kampire ilitoka kwa dume la nguruwe alilopandishia majike ya watu. Pale Mbugangari, mtaa wa mpakani na Goma, kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, na watu walimcheka alipoianza, lakini kicheko kilimpita kama kila kitu kilivyompita tangu arudi kutoka kambi za wakimbizi za Goma, ambako alimzika mumewe aliyekufa kwa kipindupindu. Hakuwa mkali wala mpole. Aliamka, akafagia banda, akachemsha viazi vitamu vya dume, akalala.

Dume lenyewe lilikuwa jeupe, lenye mgongo mrefu, la mbegu ya Ulaya. Alilipata kwa mradi mmoja wa kuboresha mifugo. Nguruwe wa pale walikuwa weusi na wafupi, lakini jike lililopandwa na dume lile lilizaa watoto wengi wenye mapaja mapana, na wenye baa waliwagombania. Mwenye jike hakutoa fedha. Watoto wakishaachishwa kunyonya, Kampire alikwenda kuchagua mmoja awe wake, na hakuwahi kumchukua aliye mkubwa kuliko wenzake. Kwa hiyo watu walimheshimu bila kumpenda, naye hakudai zaidi.

Balaa lilianzia kwa Egide, mwenye baa karibu na njia ya Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpakani. Jioni moja redio yake ilitangaza kwamba wataalamu wa Ulaya wanatia chembe za urithi za binadamu ndani ya nguruwe, ili siku moja moyo au figo ya mnyama huyo iweze kukaa mwilini mwa mgonjwa bila mwili kuikataa. Ilikuwa habari ya mbali, na ya siku zijazo. Lakini Egide hakuweza kuacha neno lipite bila kulitia chumvi.

"Bon," alisema huku akigeuza nyama ya nguruwe motoni. "Na ile dume ya Kampire ndo ilitoka Ulaya. Donc basi, ni ndugu yetu tunakula hapa?"

Mahali pengine mzaha huo ungekwisha pamoja na chupa. Pale uliwakuta watu waliokwisha kuona. Mwaka ule wa mauaji ya kimbari nguruwe walizurura bila wenyewe, wakala walichokikuta vichakani, na kila mtu mzima alijua walikuta nini. Wengi walikaa muda mrefu bila kuigusa nyama ya nguruwe. Walirudi kuila kwa sharti moja tu, kwamba jambo lile lisitajwe. Egide alilijua hilo kama wengine. Mtu akitupa kijiti cha moto penye majani makavu, asijitetee kwamba alikuwa anawasha sigara tu.

Tangu siku hiyo hakuna jike lililoletwa. Jumapili, baada ya misa, akaja Gakwaya, mkuu wa nyumba kumi, akifuatana na wanaume wa mtaa.

"Mama, batu banasema iyo ngulube iko na mutu ndani," alisema. "Na lisemwalo lipo."

"Iko ngulube tu," Kampire alijibu.

"Utatuonyesha namna gani?"

"Muipasue, mutaona."

Alilisema hilo kwa sauti ileile ambayo angeulizia chumvi dukani. Hakuna aliyemwambia afikiri kwanza. Daktari wa mifugo aliyelileta dume alikuwa na ofisi mjini palepale, na swali moja kwake lingetosha. Gakwaya alikuwa na wajibu wa kwenda kuuliza. Hakwenda, kwa kuwa kisu kilikuwa karibu zaidi.

Kesho yake wakalichinja. Kampire mwenyewe alilishika masikio, nalo likatulia kwa kuwa liliuzoea mkono wake. Watu walisimama kwa mbali, mikono kifuani. Tumbo lilipofunguliwa wakasogea. Palikuwa na matumbo, ini na mafuta, vitu vile vile walivyovijua wote.

Hapo akapenya Verediane, jirani wa ng'ambo ya ua. Watu wake waliuawa mwaka ule palepale mjini, akabaki na binti mmoja, Belise. Yeye na Kampire walisalimiana kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake alikuwa wapi siku zile. Belise alikuwa amelala kwenye mkeka nyumbani. Homa ya viungo ya utotoni ilikuwa imeuharibu moyo wake, na madaktari wa Kigali walisema hakuna la kufanya ila upasuaji wa nje ya nchi.

"Nionyeshe moyo," Verediane alisema.

Kampire akautoa, akauweka juu ya jani la mgomba.

"Inafanana na ya mutu?"

"Iko ya ngulube, Mama Belise."

"Angalia tena."

Kampire akaangalia tena, kwa kuwa aliombwa. "Ya ngulube."

Verediane akaitikia kwa kichwa. "Bengine baliogopa ikuwe na mutu ndani. Mi niliomba Mungu ikuwe naye. Ningeubeba moyo na mikono yangu mpaka kwa munganga wa hospitali, amutilie Belise."

Egide akatazama viatu vyake. Kampire alijua kwamba hapo angepaswa kuhisi kitu. Alitafuta, hakukiona. Akaosha kisu, akauliza, "Belise amekula?"

"Hajakula."

"Viazi iko kwa moto. Nilipika ya dume, sina tena wa kumupa."

Wakaingia ndani wote wawili. Nje, wanaume waligawana nyama, kwa kuwa sasa ilikuwa safi, na jioni baa ya Egide ilijaa tena.

Siku chache baadaye Gakwaya alitokea uani akivuta jike lake jeusi kwa kamba. Lilikuwa limeanza joto la kutaka dume, likavuta kuelekea bandani bila kuongozwa.

"Mama, tuliona na macho yetu, iko ngulube tu," alisema kwa uchangamfu. "Hatuna tena wasiwasi. Donc nimeleta yangu. Dume iko wapi?"

Kampire alikuwa amekaa kizingitini akimenya viazi vya Belise. Hakuinua kichwa.

"Mulikula," alisema.

Gakwaya akasimama pale na kamba mkononi. Jike likamvuta hadi mlangoni mwa banda, likanusa majani yaliyofagiwa, likageuka likanusa tena.