Fuma, Fumua

Mama yangu alinunua sweta kama mtu anayenunua ng'ombe. Pale sokoni Shianda, belo la mitumba likifunguliwa, wanawake wenzake walirukia rangi na vifungo, na yeye akabaki nyuma, mikono kifuani, akingoja vurugu zipungue. Kisha aliokota moja, akaigeuza ndani nje, akakagua mshono wa ubavuni. "Hii imekatwa," alisema, na kuirudisha. Maana yake ni kwamba kiwandani walikata kitambaa cha sufu kwa makasi na kukiunga kwa cherehani, kwa hiyo ukijaribu kuitoa uzi unapata vipande vifupi visivyo na kazi. Yeye alitaka iliyofumwa kwa umbo lake tangu mwanzo. Hiyo ukiikata mahali pamoja tu, begani, inakupa uzi wake wote hadi kiunoni bila kukatika. Wenye mitumba hawakumpenda sana. Aliwapangulia lundo zima, akaondoka na sweta moja ya mzee mnene wa Ulaya, imetoboka viwiko, ambayo hakuna mwingine angeitazama mara mbili.

Nyumbani aliifumua akiuzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Uzi ulitoka umejikunjakunja, unakataa kusahau umbo la mzee yule. Mama aliupitisha juu ya mvuke wa sufuria, akaufua kwa sabuni ya kipande, akauanika na jiwe limening'inia chini ili unyooke. Vifungo vilikwenda mkebeni. Vipande vilivyobaki vilijaza mito ya viti. Sindano zake zilikuwa spoki za baiskeli alizozisugua sakafuni mpaka zikawa na ncha. Nusu ya watoto wa kijiji chetu walikwenda shule wakiwa wamevaa mikono ya mama yangu, na ninaposema hakuna fundi wa kumfikia sijali mkisema napendelea. Napendelea, ndiyo.

Siku hizi watu wenye tai huitisha mikutano kutufundisha kwamba nguo zisitupwe ovyo, zitumike tena na tena. Nikiwasikia nacheka, halafu naudhika. Mama hakuwa na jina la jambo hilo. Aliliita kazi.

Lakini nisijifanye kwamba niliyaona haya wakati ule. Mwaka nilioitwa kuingia kidato cha kwanza, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na kichwa kigumu na aibu nyingi. Barua ya shule ilikuwa na orodha ndefu: godoro, ndoo, sanduku, na sweta ya rangi ya damu ya mzee, shingo ya V. Msichana mwingine wa kwetu, aliyeitwa shule hiyo hiyo, alinionyesha ya kwake. Ilikuwa ndani ya nailoni inayolia ukiigusa, na shingoni ina lebo ya duka la mjini. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba bila sweta ya duka hawatanipokea. Uongo mtupu. Barua haikutaja duka lolote.

"Wanataka damu ya mzee," alisema mama. "Watapata damu ya mzee."

Alizunguka masoko wiki mbili akitafuta rangi hiyo. Alipata sweta mbili, moja imeiva zaidi ya nyingine. Mtu mwingine angefuma mwili kwa hii na mikono kwa ile, na ningeonekana kama bendera. Yeye alifuma mistari miwili ya uzi huu, miwili ya ule, tangu pindo la chini, hata rangi zikachanganyika machoni na huwezi kujua zilikuwa mbili. Hata mimi niliyekuwa nimenuna niliinama kutafuta zinapokutana, nikakosa.

Ijumaa kabla ya wiki ya kufungua shule, ilibaki shingo tu. Mama alilazimika kwenda Likuyani kwa mjomba wangu, mkulima wa mahindi, kumwomba msaada wa karo. Aliondoka nikiwa mtoni, akaacha ujumbe kwa jirani yetu. Jirani huyo alikuwa ameolewa kwetu kutoka Kisii. Kiluhya chetu kilimshinda, kwa hiyo sote tulisema naye Kiswahili, kila mtu akikikwaruza kwa namna yake.

"Mama yako amesema umarize shingo," aliniambia. "Ufume tu, usimgoje. Hakawiangi, rakini magari ya huko ni shida."

Nilisikia vizuri kabisa. Alisema ufume.

Niliingia ndani nikaiweka sweta mapajani. Nikafikiria ile nailoni inayolia. Fuma na fumua, nikajiambia, ni maneno yanayofanana sana, na katika nyumba ya watu wasiozaliwa na Kiswahili nani ataweza kunilaumu? Nikaitafuta ncha ya uzi, nikavuta. Kazi ya siku nyingi hufumuka upesi mno. Nilimaliza mkono wa kulia, nikamaliza wa kushoto, nikaingia kifuani. Nilipofika mwisho wa upande wa mbele niliingiwa na woga, nikaacha upande wa mgongo ulivyo.

Jumapili mama aliingia na mfuko wa mahindi kichwani. Aliona lundo la uzi juu ya kiti, akasimama.

"Jirani alisema nifumue," nilisema kabla hajauliza.

Alitua mzigo. Alinitazama kwa muda ambao sikuupenda, kisha akacheka kidogo. "Kiswahili chetu hiki," alisema, "siku moja kitatuua." Basi. Hakunipiga, hakupaza sauti, na neno duka halikutoka kinywani mwake. Alikunywa maji, akavuta kiti, akaokota ncha ya uzi. Uzi wote ulikuwepo. Niliamini nimeharibu, na kumbe hakuna hata dhiraa moja iliyokuwa imepotea.

Kisha akanipa spoki mbili. "Shule ni Alhamisi. Mimi nitafuma mbele na mkono mmoja. Mkono wa pili ni wako."

Nilijua kufuma kwa kutazama tu, na kutazama si kujua. Siku ya kwanza nilifuma kitu kama kamba ya mbuzi. Siku ya pili vidole viliota malengelenge, na nilianza kuelewa kwa nini mama alinyamaza akifika mahali pa kuhesabu vitanzi vya uzi kwenye sindano. Mistari miwili ya huu, miwili ya ule. Nilisahau chakula. Jumanne nilijikuta nauweka mkono ule kwenye mwanga wa mlango na kuutazama, nauondoa, nautazama tena. Nilikuwa nimeupenda. Nailoni sikuikumbuka hata mara moja.

Jumatano mchana niliumaliza. Nilitoka nao mbio hadi uani, ambako mama alikuwa akiunga mabega, nikamwekea mapajani. Sijawahi kujivuna kama siku ile, hata matokeo ya mtihani yaliponifikia sikujivuna hivyo. Aliunyoosha, akapitisha kidole kutoka begani kwenda chini, taratibu, na kidole kikasimama juu kidogo ya kiwiko. Kitanzi kimoja kilikuwa kimeanguka. Kutoka hapo hadi begani ilikuwa kazi yangu ya siku nzima.

"Hakionekani, mama," nilimsihi. "Nani atakiona? Tukifunge kwa sindano. Tafadhali." Nilikuwa karibu kulia kwa ajili ya nusu ya mkono wa sweta.

Mama aliurudisha mapajani pangu. Nyumbani hakuwahi kunisemesha Kiswahili. Kiswahili kilikuwa cha soko na cha jirani, na sisi wawili tulisema Kiluhya tangu nizaliwe. Siku hiyo alikitumia, polepole, kila silabi mahali pake, na hapo ndipo nilipojua kwamba Jumapili alikuwa amepitia kwa jirani kabla ya kufika kwetu.

"Fumua," alisema. "Umesikia vizuri?"

Nilisema nimesikia. Nikashika ncha ya uzi, nikavuta, na nililia mpaka pale kwenye kiwiko.