Mnara wa Ibra na Dele la Kahawa

Nyinyi wajukuu mtakaosoma haya, na watoto wa jirani pia, kaeni vizuri. Mkiona Kiswahili changu cha Unguja, nilichovuka nacho bahari, kigumu, ulizeni mkubwa aliye karibu, simu muiache. Nataka mjue ile picha ya mnara wa Ibra iliyotundikwa Nizwa ilipatikana vipi, maana nasikia mnaisimulia ovyo.

Mnara wenyewe mnaujua, ule wa udongo juu ya kilima, nyuma ya majumba ya zamani. Mjukuu wangu wa kike anasoma chuo huko Nizwa, nyumbani hurudi mwisho wa juma. Alichaguliwa yeye na wenziwe watundike kwenye kuta za chuo picha za majengo ya kale yakiwa kwenye jua la kuchwa. Alitakiwa alete tatu: ngome ya Nizwa, mnara wa taa wa Sur, na huu wetu. Moja ikikosekana, ukuta wake anapewa mwengine. Nizwa alishapata, Sur alishapata. Ibra, kwao, ndiko kulikomshinda.

Si kwamba hajui kupiga picha. Jua la hapa linaingia nyuma ya majabali mapema, kabla ya adhana ya Magharibi. Kabla halijaingia linaupiga ule mnara ukawa rangi ya zafarani, na ukigeuka kufunga mtandio wako, umeshakuwa kijivu. Na saa hiyo hiyo, baada ya Alasiri, ndiyo saa ya wageni.

Kwetu kahawa humiminwa na binti mdogo wa nyumba. Anasimama, dele, birika letu la kahawa, mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, na hakai mpaka mgeni atikise finjani kuonyesha imemtosha. Sasa wifi zangu wawili, dada zake marehemu mume wangu, wanakaa Al Qabil, na si watu wa kutikisa finjani haraka. Alhamisi moja walikuja na tende zao. Mjukuu wangu alikuwa ameshavaa kamera shingoni. Nikamwambia, "Vua, mimina." Akavua, akamimina.

Wifi mkubwa akanywa, akahadithia harusi. Akanywa tena, akahadithia harusi ile ile. Dirishani nikaona jua linaondoka, na mtoto naye akaliona. Hakununa. Dele halikutikisika mkononi. Walipoondoka aliosha finjani zote akaingia chumbani kwake. Moyoni nikasema, huyu nimemlea mimi.

Kesho yake, Ijumaa, mwanangu, baba yake, akarudi msikitini na habari: kesho mafundi wanauzungushia mnara vyuma, wautie udongo mpya, na vyuma vitakaa miezi. Basi ikabaki jioni hiyo tu. Na jioni hiyo wifi zangu wakaja tena, maana Ijumaa ni siku ya jamaa. Mtoto akachukua dele bila kuambiwa.

"Huyu binti mbona kanyamaza leo?" akauliza wifi mkubwa. "Au ameposwa?"

"Ana kazi yake kule mnarani, na jua linamkimbia."

"Kazi ya kupiga picha mnara? Ule nimeuona toka nazaliwa, hauendi popote."

"Kesho unavishwa vyuma."

"Basi na apige vyuma."

Wifi mdogo akacheka mpaka kahawa ikampalia. Mimi nikanyanyuka, na magoti yangu mnayajua. Nikalichukua dele mkononi mwa mtoto.

"Nenda kachukue kamera yako."

"Bibi, wageni..."

"Nimesema nenda."

Nikasikia anawasha gari. Nikasimama mbele ya wifi yangu, nikamnyooshea mkono wa kulia. Mkubwa wa nyumba kusimama kumimina na watoto wamekaa, kwetu ni aibu inayohadithiwa mpaka mji wa pili, Mudhaibi. Na wajukuu zangu wawili wa kiume walikuwa pale pale, simu mikononi.

"Astaghfirullah, kaa chini wifi yangu, utatuharibia jina."

"Lete finjani."

"Imetosha." Akaitikisa.

"Mara hii? Jana ulikunywa mpaka Magharibi."

"Jana alimimina mtoto."

Hapo ndipo wale wavulana wakainuka kunipokea dele. Sikuwapa.

Tumeshasali Magharibi ndipo mtoto aliporudi, baibui lina vumbi mpaka magotini. Akanionyesha picha kwenye kamera. Mnara unawaka wote, nyufa zinaonekana moja moja, na kivuli cha jabali kimeshafika mlangoni pake.

"Nimepata hii tu iliyo sawa, bibi. Nyengine jua lilishaingia."

"Ulitakiwa ngapi?"

"Moja."

"Basi."

Wifi mkubwa, aliyekuwa bado hajaondoka, akaomba miwani yake. Akaitazama picha, akasema anataka ya kwake, kubwa, ya kutundika Al Qabil.

Picha zilipotundikwa Nizwa nilikwenda. Niliwekewa kiti, sikukikalia. Nilisimama kando ya ule ukuta, na kila aliyepita nikamwambia huyu aliyepiga ni mjukuu wangu, aniulize asiniulize. Mtoto alinivuta mkono mara kadhaa. Nikamwambia aniache.

Jioni tuliyorudi niliwaita wote sebuleni, na baba yao pia, nikawaambia: "Kuanzia leo wakija wifi zangu wa Al Qabil, dele watashika hawa wavulana wawili kwa zamu, na simu zao nitakaa nazo mimi mpaka finjani ya mwisho itikiswe. Huyu akitoka na kamera yake, mtu asimwite."