Utani wa marehemu mume wangu umegeuzwa ushahidi dhidi ya binti yetu

Jina langu lifichwe kabisa, wakwe zangu wanafuata ukurasa huu. Nina miaka thelathini na tatu, ni mjane, naishi Majengo, Goma. Mume wangu alifariki mwaka jana kwa homa. Aliniachia binti wa miaka minane, nitamwita Neema.

Neema hatulii. Darasani anasimama katikati ya somo, anajibu kabla swali halijaisha. Nikimtuma chumvi namkuta kwa mafundi anatazama mbao zikirandwa, chumvi ameisahau. Juzi aliniuliza, "Mama, juu ya nini kichwa yangu inakimbia?"

Kaka mkubwa wa mume wangu ndiye mwenye nyumba tunayokaa. Alikuja na mke wake kumshitaki mtoto kwa uchawi, akaniambia, "Mama Neema, huyu mutoto ni mulozi. Ni yeye alikula baba yake. Hata kwenye kilio alikuwa anaruka kamba!"

Ni kweli aliruka. Watu walikuwa wanalia, yeye alikuwa nyuma ya nyumba na kamba yake.

Jumapili wanataka kumpeleka kwenye chumba cha maombi, afunge bila chakula wala maji mpaka aungame. Mtoto wa jirani alipelekwa huko. Amerudi, lakini hasemi tena.

Nilikimbilia kituo cha afya. Muganga, yaani daktari wa pale, alinisikiliza vizuri. "Mama, hatuwezi kusema ni nini kwa kumuangalia mara moja. Tutapima masikio na macho. Mwalimu atatueleza ya shuleni, wewe ya nyumbani. Uniambie: alianza hivi mbele ya kifo cha baba, ao nyuma?"

Nikakumbuka. Mume wangu alikuwa akisukuma makaa kutoka Kibati kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Neema alikuwa mdogo bado. Baba yake alikuwa akimpandisha juu ya magunia na kumfunga kwa kitenge changu, kwa sababu mtoto alikuwa akiruka chini kufuata kila kipepeo. Siku moja mume wangu alifika amelowa jasho, akicheka: "Huyu mutoto ataniua!"

Nikamwambia muganga: mbele, alikuwa hivyo tangu zamani. Akasema hilo ni la maana sana, turudi Jumanne na mtu wa familia ya baba.

Lakini siku ile ya kicheko shemeji alikuwepo uani. Nilipomweleza ya muganga, akamgeukia mke wake: "Unaona? Tangu zamani. Na marehemu mwenyewe alisema atamuua."

Nikikataa Jumapili, tutatolewa nyumbani. Mama yangu yuko mbali, Butembo, na njia naiogopa kwa sababu ya vita. Naogopa hata kuwaeleza tena vile mtoto alivyokuwa, kwa maana neno lile lile ambalo muganga analihitaji ndilo wanalomshitakia.

Leo asubuhi nikimsuka, Neema ameniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, ni mimi niliua baba?" Alikuwa ametulia kabisa. Sijawahi kumwona ametulia hivyo.

Ndugu zangu, Jumapili iko karibu. Nishaurini, nifanye nini?