Karatasi Iliyosema Usifute

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumanne. Nilikuwa napiga pasi mashati sita ya mwalimu mkuu. Mke wangu alikuwa kwenye kiti chake kifupi cha cherehani, mgongo kwa cherehani, uso kwa televisheni. Padi mkononi, kile kidude chenye vitufe. Viatu amevua. Chai yake imepoa pembeni, imefanya utando.

Kwenye kioo cha televisheni mvua ilikuwa inanyesha. Nje jua.

"Fundi," nikamwita, "gauni la mwenye duka linatakiwa saa nne."

"Najua."

"Sasa ni saa tatu."

"Limebaki pindo tu. Niache ninyeshewe kidogo, Dobi."

Nikamwacha anyeshewe.

Tuliitana hivyo, Fundi na Dobi, tangu miaka ya mwanzo. Yeye alishona, mimi nilifua na kupiga pasi, chumba kimoja cha mbele, mlango mmoja wa barabarani. Nguo ilitoka mkononi mwake ikaja kwangu, ikatoka kwangu ikaenda kwa mwenyewe. Miaka thelathini na minane. Kesho yake, Jumatano, alisema kifua kinambana. Hakurudi tena nyumbani. Habari za hospitali sitaziandika. Naandika za gemu, maana ndizo alizozipenda, na watu wengi walimjua kwa mishono tu.

Mashine ya gemu aliiacha binti yetu alipoolewa. Mumewe alikuwa na nyingine. Fundi alisema tutaiuza. Siku moja sindano zikamwishia, akaiwasha kidogo asubiri duka lifunguliwe. Duka likafunguliwa, likafungwa. Yeye amekaa palepale. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Mimi shule sikuiona. Herufi kubwa nilijifunza ukubwani, kwa ajili ya majina ya wateja kwenye nguo. Herufi ndogo zilinishinda, zinafanana kama mbegu. Yeye alisoma, na ile lugha ya kwenye kioo aliijua kiasi cha kutosha. Alikuwa ananisomea kwa sauti, anageuza kwa Kiswahili papo hapo, mimi niko nyuma yake na pasi.

Gemu yake aliiita Bonde. Jina la kwenye kasha ni refu, sikulishika. Kuna msafiri mwenye koti la buluu. Anafika kwenye bonde lenye mvua isiyokatika. Nyumba zimetawanyika, taa zimezimika. Kazi yake ni kubeba moto kwenye kikopo chenye mfuniko, nyumba kwa nyumba, awawashie watu taa. Hapigani na mtu. Hakimbii. Akikimbia moto unazimika. Taa ikiwaka, mwenye nyumba anatoka mlangoni, anasema jambo moja, anarudi ndani. Basi.

Mwisho wa bonde kuna daraja. Darajani kuna benchi, na kwenye benchi kakaa mzee. Ukimsogelea anasema neno moja. Fundi aliligeuza hivi: "Bado." Washa taa kumi, rudi kwake: "Bado." Washa mia: "Bado." Binti yetu anasema neno lile lingeweza kuwa pia "si leo." Sijui. Mimi namjua wa bado.

Msafiri anaweza kuketi pembeni ya mzee. Akiketi hakuna kinachotokea. Mvua tu, na mto chini. Fundi aliweza kuketi hapo nusu saa. Nyuma yake pasi yangu inatoa mvuke, mbele yake ukungu unapanda kutoka mtoni, na kuna siku nilikuwa sioni chumba kinaishia wapi. Mara moja nilishika kola ya shati nililokwisha kulinyoosha, nione kama imelowa.

Aliingia muuza viatu akamkuta hivyo.

"Fundi, suruali yangu iko wapi?"

"Iko darajani."

"Daraja gani tena?"

"Kaa hapo kwenye benchi, usubiri."

Muuza viatu akakaa. Akasahau suruali. Alipoondoka akauliza yule mzee anangoja nani.

"Hatujui," Fundi akasema. "Ndiyo raha yake."

Taa za bonde zilikuwa mia na ishirini. Aliwasha mia na kumi na tisa, moja akaiacha. Miaka mingi imebaki moja. Ukiiwasha hiyo gemu inakwisha, na yeye hakutaka ikwishe. Kila asubuhi alikuwa anapita pale kwenye nyumba yenye giza, anasimama mlangoni na moto wake, halafu anaenda zake darajani.

Gemu nyingine alizijaribu. Za bunduki alisema, "Mtu anaua watu mia kabla ya chai, na hakuna hata mmoja anayelia." Za magari alisema, "Wote wanakimbizana kurudi walikotoka." Ya mpira hakuiwasha kabisa. "Mpira nausikia bure kwa jirani." Kuna moja ya kulima aliipenda wiki mbili, akaiacha kwa sababu mahindi yaliota kwa siku tatu. "Hawa hawajawahi kulima," akasema. Na nguo aliziangalia. Koti la msafiri wa Bonde alilisifia. Alisema aliyelichora alijua bega linakaa wapi.

Miaka ikapita, tukasikia Bonde ya pili inakuja. Binti yetu ndiye aliyepiga simu. Fundi akatandika kitambaa kipya mezani chini ya televisheni, kama anayengoja mgeni. Akakataa kazi za siku tatu. Mimi nilikuwa namcheka.

"Unamgoja nani, Fundi?"

"Namgoja mzee wangu."

"Mzee wako si huyu hapa na pasi?"

"Wewe upo kila siku."

Ikaja. Siku ya kwanza alikaa mbele kabisa, magoti yamegusana. Mvua ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, hilo alilikubali. Ungeweza kuona tone moja moja. Halafu akaanza kuguna. Mimi namjua kwa miguno. Ule ulikuwa mguno wa kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Nini?"

"Mishale."

Kweli, kulikuwa na mishale. Mshale wa dhahabu ulielea hewani ukimwonyesha msafiri pita huku, geuka hapa, taa ile pale. Huwezi kupotea hata ukitaka. Na moto hauzimiki hata ukikimbia. Na msafiri kapewa farasi. Koti limeongezwa mifuko minane na kamba za dhahabu, mabega yananing'inia.

"Angalia hiyo mikono," akasema. "Hata mwanafunzi wa wiki moja hashoni hivyo."

Siku ya tatu akafika darajani. Mzee yupo. Fundi akamsogelea polepole, mimi nikaiweka pasi chini. Mzee akainuka. Akaongea. Akaongea, akaongea. Kumbe alikuwa mfalme, kanyang'anywa ufalme na nduguye, anamgoja mwanawe aje na jeshi. Fundi alikuwa ananigeuzia, sauti yake ikazidi kushuka, mpaka akanyamaza, na mzee kwenye kioo bado anaongea tu.

Akaiweka padi mezani. Akageuza kiti. Akatunga uzi kwenye sindano.

"Dobi," akasema, "wamemsemesha."

Nikaishika pasi tena.

"Mtu anakuletea gauni limemkaa, halina shida, anakwambia niongezee malinda. Unamwambia limekaa. Hataki. Unaongeza malinda, unaongeza na shada kifuani, anaondoka amefurahi. Lakini wewe uliyelikata unajua umelifanya nini."

Alikasirika kama wiki hivi, na hakuigusa tena ile ya pili. Binti yetu alipokuja alisema mashine imejaa, kitu kimoja kitoke, na ya kwanza ni ya zamani. Mimi sikuwepo, nilipeleka mashuka hotelini. Waliyoyasema siyajui. Niliporudi binti kaondoka, ya pili imetolewa, na juu ya mashine kuna karatasi imebandikwa kwa utepe wa gundi. Herufi kubwa, mwandiko wa Fundi: USIFUTE. Chini yake mstari wa herufi ndogo. Nilidhani ni jina lake.

Sasa, wiki ile ile alikuwa amenigombeza. Mimi dobi, nikiona vumbi mkono unawasha, na nilikuwa nimeifuta mashine ile kwa kitambaa kibichi, maji yakaingia kwenye matundu. Alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Kwa hiyo nilipoiona karatasi nilijua ni yangu. Usifute. Sawa, mama. Tangu siku ile nilifuta meza, nikafuta televisheni, nikafuta kiti. Mashine niliizunguka. Yeye mwenyewe alikuwa anaipangusa kwa ile brashi ndogo ya kutolea nyuzi kwenye cherehani. Nilisema moyoni, aliyeweka sheria ana ruhusa yake.

Baada ya kumzika nilikaa miezi miwili sijaiwasha. Halafu nikaiwasha asubuhi moja kusikia mvua tu. Inapoanza inaonyesha bonde kwa mbali, mvua inanyesha, na maneno mawili, moja juu moja chini. Nilikuwa sibonyezi kitu. Niliogopa kubonyeza lisilo lake. Nilipiga pasi, mvua ikanyesha, nikazima. Ikawa desturi yangu. Mara nyingine kiti kifupi kilikuwa kama kina mtu, na nilikuwa sigeuki haraka, nisije nikaona hakina.

Mwaka ukapita. Vumbi likajaa juu yake, pamba za nguo zikaingia matunduni. Mkono uliniwasha kila siku, lakini sikufuta.

Asubuhi moja ikavuma kama nyuki, mvua ikakatika, kioo kikawa cheusi. Nikaigusa. Ilikuwa ya moto kuliko pasi.

Niliifunga kwenye shuka safi nikaipeleka kwa fundi wa simu, mtaa wa pili. Ni mwanamke, mama wa watoto, ana miwani ya kukuza vitu anaivaa kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mzee wangu. Hii inafanyaje?"

"Inawaka, inavuma, inazimika."

"Rahisi. Nafuta kila kitu, naipakia upya. Kesho jioni unaichukua."

"Usifute."

"Unasemaje?"

"Imeandikwa hapo juu. Usifute."

Akaivuta karibu, akapuliza apate kusoma. Vumbi likamjaa machoni. Akakohoa, akapiga chafya, akanyanyua uso.

"Mzee wangu, wewe si dobi? Vumbi hili lote la nini?"

"Nimekatazwa kufuta."

"Na nani?"

"Na mke wangu."

Akaisoma tena karatasi, safari hii na ule mstari wa chini. Mdomo ukaanza kumcheza.

"Huku chini umesoma?"

"Hilo si jina lake?"

"Siyo jina." Akanisomea, kidole kwenye karatasi. "'Usifute. Safari yangu ya Bonde imo humu.'"

Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaniona, akaacha ghafla. "Nisamehe, mzee wangu." Lakini mimi pia nilikuwa nacheka. Nilicheka huku nimeshika meza yake. Karatasi haikuwa yangu. Ilikuwa ya binti yetu. Mwaka mzima nimetii amri ya mtu mwingine, na kwa kutofuta nilikuwa nakaribia kumfuta.

Akaniambia ukweli. Ndani kuna diski, ndiyo iliyobeba kila kitu, na imepata joto muda mrefu. Akiweka mpya, mashine itawaka kwa hakika, lakini vya mke wangu ndiyo basi. Akiisafisha tu na kuiacha ya zamani, inaweza kuwaka, inaweza isiwake kabisa.

"Chagua wewe."

"Isafishe."

"Isipowaka usinilaumu."

"Sitakulaumu. Ngoja kwanza."

Nilirudi nyumbani nikafungua droo ya cherehani, nikampelekea ile brashi. Akaishangaa, akaitumia. Nilisimama pale nikaangalia nyuzi zikitoka. Buluu, nyekundu, za njano za sare za shule. Nilizijua nyingine zilitoka nguo gani.

Nyumbani nikampigia binti yetu, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya maji ya pasi. Nikawasha. Haikuvuma. Mvua ikaanza.

"Baba, unaona maneno mawili?"

"Naona."

"Bonyeza la juu. La juu, Baba! La chini linaanza upya, linafuta la Mama."

"Usinipigie kelele, nitakosea."

"Sipigi kelele. Umebonyeza?"

Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi, nikasikia binti yetu anahema kwenye simu. Cheusi. Cheusi bado. Halafu ukungu, halafu mto, halafu daraja.

Msafiri alikuwa ameketi kwenye benchi, koti la buluu, pembeni ya mzee. Pale pale Fundi alipomwacha ile Jumanne. Nyuma yao bonde zima linawaka, taa juu ya taa, na ng'ambo ya mwisho kabisa nyumba moja yenye giza.

"Baba? Kuna kitu?"

"Yupo."

Akalia kidogo. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayefuta pua, kwamba akija atanionyesha jinsi ya kutembea, niiwashe ile taa moja, nione mwisho. Nikamwambia asijisumbue.

Nikavuta kiti kifupi. Nilikuwa sijawahi kukikalia. Ni kifupi kweli, magoti yanakuja kifuani. Nikakaa. Mvua ikanyesha. Mzee hakusema kitu, kwa sababu sikumsogelea.

Ile Jumanne, saa nne kasorobo, gauni la mwenye duka halijawekwa pindo, nilizima pasi nikamuuliza kama amemaliza. Hakugeuka. Alisema hivi:

"Bado, bwana. Kwani una haraka ya kwenda wapi?"