Mguu wa Marwa Uliopotea Bandani Kwangu

Nilipoteza mguu wa mtu.

Msicheke. Mguu kabisa, wa bandia, na kiatu chake.

Mimi ni mjane, nashona viatu hapa Mugumu. Banda na cherehani ya ngozi aliniachia marehemu mume wangu, Lukmani. Cherehani hiyo ndiyo ugali wetu, mimi na binti yangu Samira.

Jumatatu alikuja Marwa wa mtaa wa nyuma, na mkewe Tabitha. Mkanda wa mguu ulikuwa umekatika. Nikaushona kwa uzi wa kijani, ndio niliobaki nao, na soli ya kiatu chake nikaibandika.

"Acha gundi ya soli ikauke, uje kesho," nikamwambia.

Akaondoka kwa magongo.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikalaza fimbo mlangoni, nikaenda kuswali kwa Saida, nyumba ya tatu. Lukmani alifanya hivyo miaka yote. Ukiona fimbo, mwenyewe yuko kwenye swala, huingii.

Kurudi, fimbo ipo. Mguu haupo.

Nilipekua mpaka kwenye ndoo ya maji. Nani anaiba mguu mmoja jamani?

Kesho yake Marwa akagonga gongo chini mpaka vumbi likaruka. Ila mwenye sauti alikuwa Tabitha.

"Mguu wa mume wangu! Umeuuza, mama wee!"

Tukafika kwa mwenyekiti wa mtaa, Deus. Nikamwonyesha kibao alichotundika marehemu bandani: MALI INAACHWA KWA HIARI YA MWENYEWE.

"Mama Samira, kibao hakikusaidii. Uliupokea, ukawa chini ya ulinzi wako. Ulipotoka ulifunga?"

"Niliweka fimbo."

"Fimbo si kufuli, mama. Hata mahakamani watakuuliza hivyohivyo."

Tukaandikishana. Mguu usipopatikana hadi Ijumaa, Marwa anachukua cherehani.

Nililia kwenye mswala mpaka Samira akaogopa. Ya Rabi, huyu mtoto atakula nini?

Alhamisi asubuhi Tabitha akapita na mzigo wa kuni kichwani. Umefungwa kwa mkanda wa ngozi.

Uzi wa kijani.

Nikamshika kanga. "Tabitha. Mshono huo ni wangu."

Akatua kuni. Sauti yote ile ikaisha.

"Mguu nimeuficha. Ngozi nzuri, nikaona isioze bure," akanong'ona. "Dada, tangu apewe huo mguu hakai nyumbani. Kuna mwanamke kule Manchira. Kwa magongo anaona haya kwenda. Wiki hii amekula na wanawe kila siku."

"Na cherehani yangu?"

Akainama, akaanza kuufungua mkanda.

"Nikisema ni wewe?"

"Ataniua."

"Basi ulete. Sitakutaja."

Jioni akauleta ndani ya gunia la mahindi. Nikaurudishia mkanda.

Ijumaa Marwa akaja na Deus.

"Nani aliuchukua?" Marwa akauliza.

"Tuliandikishana mguu, baba. Mguu huu hapa."

Akauvaa, akakanyaga mara mbili, akacheka. "Wewe ni fundi, mama!" Magongo akayatupa kona ya banda, eti hayahitaji tena.

Tabitha alikuwa ng'ambo ya barabara. Mimi na yeye tukamtazama Marwa akienda.

Hakukata kona ya nyumbani. Alishika njia ya Manchira.

Mafundi wenzangu, fungeni milango. Mimi nilimwomba Mungu alinde mlango ambao sikuufunga mwenyewe. Na mjue, ukipokea kitu cha mtu, umepokea na ya nyumbani kwake.

Cherehani ninayo. Kufuli nimenunua. Magongo ya Marwa bado yapo, na kila adhuhuri nayafungia ndani.

Ni mali ya mtu.