Sabuni ya Siku Tano

Sabuni haiivi kwenye sufuria. Hilo nilifundishwa na shangazi yangu kabla hajarudi kijijini na kuniachia masufuria yake na kibanda nyuma ya gereji moja kule Kisenyi. Ukishachanganya mafuta na kostiki, ile dawa kali inayotoboa hata nguo, ukamimina kwenye fremu za mbao na kukata miche, kazi bado. Miche inapangwa kwenye rafu, upepo upite kati ya mmoja na mwenzake, nayo inalala wiki nne. Halafu unaonja. Unaugusa mche kwa ncha ya ulimi. Ukikuchoma, unaurudisha ulale tena. Shangazi hakuwahi kuuza sabuni asiyoionja, hata kama mteja amesimama mlangoni na gunia lake.

Lakini shangazi hakufanya biashara miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Enzi zake mafuta ya pamba yalipatikana dukani kama chumvi. Mimi nilinunua ya magendo, na pipa ulilolipata leo, wiki ijayo hulioni hata ukiongeza bei mara mbili. Kila mche uliolala kwenye rafu ulikuwa mafuta ambayo nisingeweza kuyanunua tena. Nje watu walikuwa wakiitafuta sabuni kwa machozi, na ndani mimi nimeipanga nikiitazama ikikauka. Roho iliniuma.

Siku moja aliingia askari mmoja, akazitazama zile rafu kutoka chini hadi juu.

"Wewe, kwa nini naficha sabuni? Watu nalia sabuni, wewe nalaza yeye hapa kama mgonjwa!"

Nikamwambia inakauka, afande. Akacheka. Kuficha bidhaa wakati ule lilikuwa kosa la kumpeleka mtu mahali asikorudi, na mimi niliyezaliwa katika nyumba za polisi za Nsambya nililijua hilo kuliko majirani zangu. Akaondoka na miche minne chini ya koti, nami nikashukuru kwamba alichukua miche tu.

Kisa cha yule askari nimewasimulia wengi, kila nilipotakiwa kueleza kwa nini niliacha kuikausha sabuni. Ni kisa kizuri, tena cha kweli. Uongo ni kwamba ndicho kilichoniachisha. Nilikuwa nimeanza kupunguza siku zaidi ya mwezi mmoja kabla hajaja. Wiki nne zikawa mbili, mbili zikawa siku tano, na mafuta yalipopanda tena nikapunguza mafuta pia nikaacha kostiki ileile. Haraka haraka haina baraka, kila mtu anasema hivyo. Wateja lakini inao.

Kila nilipopika, nilitengeneza kando miche mitatu ya mafuta kamili, nikaiweka chini ya meza, nikaiacha ikae wiki zake nne. Hiyo ilikuwa ya nyumbani. Tulikuwa na mtoto mchanga, na mke wangu alimwogesha kwa sabuni hiyo. Hakuniuliza kwa nini ya kwetu ilichelewa namna ile, nami sikumweleza.

Basi akaja mama mmoja kutoka Kongo ya mashariki. Alikuwa amekimbia na watoto wanne, amepanga chumba Kyebando, na kila asubuhi alishuka kwa miguu hadi Nsambya kufulia familia za polisi. Sasa safu nzima ya nyumba ilikuwa tayari kumpa nguo zake, mradi aje na sabuni yake mwenyewe. Asipokuja nayo Jumatatu, kazi atapewa mwingine. Alitaka miche thelathini. Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza kumpa michache na kumweleza ukweli, achague mwenyewe. Nilimwambia aje Jumamosi.

Jumamosi asubuhi niliionja ile sabuni. Iliniuma ulimi mpaka machozi yakanitoka, nikasukutua kwa maji mara tatu. Kisha nikaifunga miche thelathini kwenye magazeti, nikamsaidia kuipanga kwenye beseni lake na kumtwisha.

Baada ya wiki mbili alirudi. Aliniwekea mikono juu ya meza. Ngozi ilikuwa imebambuka kati ya vidole, na viganja vilikuwa vyekundu, vimepasuka kufuata mistari.

"Baba, miye nafula nguo tangu nikiwa mutoto," alisema. "Mikono haiyapasuka ivi hata siku moya."

"Labda maji ya bomba, mama. Siku hizi wanatia dawa nyingi."

Alifikiri kidogo. Kisha akaniambia kwamba mama yake mzazi alikuwa anapika sabuni ya mawese, na kwao mpishi huonja mbele ya mteja. Akishaonja na kusema ni nzuri, mteja haonji tena, maana itakuwa kumtukana.

"Onja, baba. Nione tu."

Hakuwa ananitega. Alikuwa anataka kujua kama adui yake ni sabuni au ni kitu kingine, basi. Nilichukua mche kutoka kwenye rafu, nikaulamba. Si kwa ncha. Niliulamba kwa ulimi mpana, kama mtu asiye na wasiwasi. Moto uliniingia mpaka kooni. Nikameza mate, nikamtazama usoni, nikatabasamu.

"Haina kitu, mama. Iko sawa."

Alinitazama, akaitazama mikono yake.

"Basi ni mikono yangu inazeeka," alisema.

Nina umri mkubwa sasa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, na bado naona aibu. Nimewahi kudanganya maofisa na walanguzi, na usingizi wangu haukupungua. Lakini kwa yule mama hakuna askari aliyenilazimisha wala bei iliyonisukuma. Alinipa nafasi kwa desturi ya mama yake, nami nikaitumia dhidi yake.

Akaomba mche mmoja zaidi, kwa kuwa aliyokuwa nayo ilikuwa inakwisha na nguo za Jumatatu zilikuwa zinamngoja. Chini ya meza, karibu kabisa na goti langu, palikuwa na miche mitatu mikavu ya mtoto wangu. Nilihitaji kuinama tu. Lakini mkavu ungeonekana kwa rangi, na yeye, binti wa mpishi, angeelewa mara moja. Nikanyoosha mkono kwenye rafu.

Aliupokea kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri, akaniambia asante, baba.